Chuo Hiki ni cha Ngapi?

Mhadhara kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha sita, Mtwara mjini

Shikamooni wakubwa wangu. Nanyi wanangu, hamjambo. Naona wapo waliotoka Newala na Tandahimba alfajiri, kwa hiyo itifaki tuiache.

Kila mwaka dirisha la udahili likikaribia, simu yangu haipumziki. Zamani mzazi aliuliza, "Mwalimu, ada kiasi gani?" Siku hizi anauliza, "Mwalimu, chuo hicho ni cha ngapi?" Mtoto ameshamwonyesha orodha kwenye simu: vyuo mia bora Afrika. Na mzazi anayesubiri mnada wa korosho ndipo alipe ada anaona bora achague cha juu, asije akazitupa hela zake. Simlaumu. Ila leo naomba tuipasue hiyo orodha.

Kupasua mnakujua. Gunia likifika ghalani halipewi daraja kwa kutazamwa nje. Sampuli inachukuliwa, korosho zinapasuliwa, mbovu zinahesabiwa, unyevu unapimwa, na mnunuzi anataka kujua gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Kangomba nayo mnaijua, ile ya kununua korosho kwa bakuli badala ya mizani, nje ya ghala. Kwenye kangomba kipimo kipo, tena kinajazwa mbele ya macho yako. Shida ni kwamba bakuli ni la mnunuzi.

Haya, bakuli la vyuo ni la nani? Orodha ya Shanghai, ya vyuo vya dunia nzima, ilianza mwaka 2003, pale Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha mji huo kilipotaka kujua vyuo vya China vimeachwa umbali gani na vyuo vikubwa vya dunia. Asilimia 30 ya alama zake ni tuzo za Nobel na medali za Fields, za hisabati, walizopata wahitimu na walimu wa chuo. Asilimia 20 nyingine ni makala zilizotoka katika majarida mawili tu ya sayansi, Nature na Science. Orodha ya QS, ya kampuni ya Uingereza, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40 ya alama kwa kuwauliza wanazuoni vyuo wanavyovisifia. Orodha ya Webometrics, ambayo vyuo vyetu hupenda kuitangaza vikipanda, inatoka Hispania, na sehemu kubwa inatazama chuo kinavyoonekana kwenye intaneti. Tovuti, jamani! Humo mote hakuna swali linalouliza kama mhadhiri wa mwaka wa kwanza anaingia darasani.

Mtaalamu anayemfundisha mkulima kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hatapewa Nobel. Lakini ada za wengi mliokaa humu zimetoka kwenye mikorosho hiyo hiyo.

Tena bakuli lenyewe huchezewa. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa cha pili katika orodha maarufu ya vyuo vya Marekani. Mwalimu wao wenyewe wa hisabati, Profesa Michael Thaddeus, akakaa na takwimu ambazo chuo kilikuwa kimepeleka, akaonyesha kwamba hazikubaliani na kumbukumbu nyingine za chuo hicho hicho. Septemba mwaka huo Columbia ikakiri makosa, na ikashuka hadi nafasi ya 18. Kutoka wa pili hadi wa kumi na nane! Walimu wale wale, maktaba ile ile, wanafunzi wale wale wanaokaa madawati yale yale. Mzazi aliyelipa ada kwa sababu ya ile namba mbili, sijui alilala vipi usiku ule.

Hapa kwetu nadhani somo hili limeanza kueleweka. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne halikutaja shule kumi bora. Wengine walilalamika. Mimi nilishukuru.

Sasa tazameni mlango wa kutokea. Anayesoma sheria, awe ametoka chuo chenye jina au kisicho na jina, ili awe wakili atapita Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 matokeo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote kwa mara moja walikuwa 26. Wahasibu wana mitihani ya bodi yao, wauguzi wana baraza lao, wahandisi nao wana bodi. Ukiitwa kwenye usaili wa ajira serikalini utafanya mchujo wa kuandika pamoja na wenzako, na karatasi haijui ulikotoka.

Nisije nikaonekana nadharau orodha zote. Kuna mahali zinauma. Uingereza mwaka 2022 ilianzisha viza kwa wahitimu wa vyuo vikubwa vya dunia, na vyuo hivyo vilichaguliwa kwa kutazama orodha hizi hizi. Orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Mwenye ndoto ya huko, namba inamhusu. Tena wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, waliwafuatilia watu waliokubaliwa vyuo vigumu kuingia lakini wakaenda vingine. Wengi wao mishahara haikutofautiana sana na ya wale waliokwenda. Waliofaidika wazi na chuo kikubwa ni watoto wa familia zenye kipato kidogo. Hilo linanifikirisha, maana ndio watoto wetu. Mwenye ndugu mjini anashikwa mkono na ndugu. Asiye na ndugu anahitaji chuo kimjulishe kwa watu.

Wazo hilo hilo la jina la chuo ndilo lililonikosesha, miaka kadhaa iliyopita. Kijana wangu mmoja, mzuri wa kemia na baiolojia, alitaka maabara ya hospitali. Nikamwambia aweke mbele chuo kikubwa, jina litambeba. Ushindani wa programu ile pale ulikuwa mkali. Akachaguliwa chuo kile kile, programu nyingine kabisa, akathibitisha kwa sababu ya jina. Mwaka wa pili akanipigia akiwa geto, bumu la mkopo limeisha, akaniuliza, "Mwalimu, hivi hiki ninachosoma nitafanyia nini?" Sikuwa na jibu. Baba yake bado ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi.

Kwa hiyo anzeni na programu, chuo kifuate. Fungueni mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mtazame kama programu yenyewe ina ithibati na sifa za kujiunga ni zipi. Ulizeni kama bodi ya taaluma inaitambua. Kisha mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu hiyo hiyo, si binamu anayesoma kitu kingine chuo hicho. Mwulizeni fildi walipelekwa wapi na nani alikuja kuwasimamia. Mwulizeni kikundi kimoja maabara kina watu wangapi. Mwulizeni matokeo ya semista yanachelewa kiasi gani na chumba kinalipwa shilingi ngapi kwa mwezi. Akisita kujibu, msimkatize.

Karatasi za maswali hayo ziko mezani, karibu na mlango. Wa Newala waanze kuchukua, basi lao linaondoka saa nane. Wa hapa mjini bakini, yule mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipoitaja Columbia.