Sekunde Kabla ya Mashine: Kuisoma Kemia ya Bakteria

Mabibi na mabwana, nitaanzia pale vipimo vingi vinapoharibika: kwenye chupa ya kukuzia, kabla mashine haijaguswa. Ndani ya bakteria anayekua, akiba yote ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hutumika na kutengenezwa upya kwa sekunde chache tu. Ukichukua mililita 10 za kioevu hicho na kuzizungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 5, seli hushuka, hubanana, hukosa oksijeni na kumaliza sukari iliyobaki. Utakachopima ni kemia ya seli zenye njaa chini ya mrija. Spektra, yaani mchoro wa vilele unaotolewa na mashine, itatoka safi kabisa, na hakuna kitu ndani yake kitakachokuonya.

Kwa hiyo umetaboli, yaani kemia inayoendelea ndani ya seli, lazima usimamishwe papo hapo. Mwaka 1992 de Koning na van Dam walichapisha njia kwa ajili ya hamira: kioevu humiminwa ndani ya methanoli ya asilimia 60 iliyopozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hamira huistahimili njia hii vizuri kuliko bakteria. Utando wa Escherichia coli, ukipatwa na baridi ya ghafla pamoja na methanoli, huvuja, na asidi amino na nukleotidi hutoka nje. Basi usikimwage kile kioevu kinachobaki baada ya kutenga seli, kipime. Ukikuta humo ATP nyingi kuliko iliyokuwa kwenye kioevu cha kukuzia, seli zimevuja.

Kwa bakteria, kuchuja haraka ni salama zaidi. Vuta mililita chache kupitia kichujio cha matundu ya mikromita 0.45, kisha tumbukiza kichujio chenyewe, na seli zake, kwenye mchanganyiko wa asetonitrili, methanoli na maji, 40:40:20, wenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ongeza asidi fomiki kidogo, molari 0.1, bila hiyo vimeng'enya ambavyo havijafa huendelea kuivunja ATP kuwa mabaki yake, ADP na AMP. Baadaye izimue asidi hiyo kwa amonia bikaboneti. Ukilazimika kuosha seli, tumia maji ya chumvi yenye joto lile lile la chupa. Ya baridi huzishtua, nazo huvuja.

Tukienda kwenye NMR, mashine inayotambua molekuli kwa sumaku, kausha dondoo, yaani kile kilichotolewa kwenye seli, kisha iyeyushe kwa mikrolita 600 za bafa ya fosfeti (kimiminika kinachozuia pH, kiwango cha asidi, kubadilika) iliyotengenezwa kwa maji mazito (D2O), pamoja na TSP, kemikali ya kuweka alama ya sifuri kwenye spektra. Bafa isiwe hafifu: vilele vya sitreti na histidini huhama pH inapobadilika kidogo tu. Programu ya kompyuta huvihesabu vilele hivyo vilivyohama kama tofauti kati ya sampuli, na mtu anaweza kuandika makala nzima juu ya pH.

Infraredi, upimaji kwa mwanga usioonekana kwa macho, ni kazi nyingine. Husoma seli nzima, wala haitakutajia metaboliti (molekuli ndogo za umetaboli) moja moja. Hukuonyesha kama aina mbili za bakteria zinatofautiana. Tone la mikrolita 20 lenye seli hukaushwa juu ya sahani ya silikoni. Lazima likauke, maana maji hufyonza mwanga karibu na mawimbi 1640 kwa sentimita, na protini huonekana karibu na 1650. Mafuta yako kati ya 2800 na 3000, sukari kati ya 900 na 1200. Tone zito mno hubapaza vilele. Likikauka vibaya, seli hujikusanya ukingoni kama pete na mwanga hupita katikati bila kukutana na kitu. Angalieni pia umri wa koloni, yaani kundi la bakteria waliokua pamoja. Zile za saa 24 na za saa 48 zinaweza kuonekana kama aina mbili tofauti.

Sampuli sita maana yake ni chupa sita zilizokuzwa kila moja peke yake, si chupa moja iliyogawanywa mara sita. Changanyeni mpangilio wa kupima. Mkipima kundi la kwanza asubuhi na la pili jioni, vipimo vya mashine vikihama kidogo kati yake, hakuna hesabu itakayotenganisha bakteria na saa.