Mazabodi ya Kudumu Nyanda za Juu: Taa ni Mbwembwe, Umeme Ndio Mtihani

LUSAJO: Tupo hewani. Dada Atupele, ugonile.

ATUPELE: Ndaga, mdogo wangu. Baridi ya Uyole inatukamua, lakini tunapumua.

LUSAJO: Kuna ujumbe wa sauti umeingia toka Tukuyu. Kijana anahariri video za harusi, laptopu imemchosha, anataka kuunga kompyuta ya mezani kwa mkono wake. Ana milioni moja na nusu. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ameshachagua, Ryzen 5 5600. Ramu, kumbukumbu ya kazi, ni DDR4. Kadi ya michoro ananunua ya rafiki yake. Halafu anauliza, nanukuu, "mazabodi si yoyote tu ilimradi zinaingiliana?"

ATUPELE: Amepanga kama wanavyopanga wengi. Bodi inakumbukwa hela ikishabaki mkiani.

LUSAJO: Na mazabodi ndiyo bodi kuu, inayobeba prosesa, ramu na wenzake wote.

ATUPELE: Ndiyo hivyo. Ramu ikifa unachomoa, unachomeka nyingine, unaendelea na kazi. Diski vilevile. Bodi ikifa unabomoa mashine nzima, na kama soketi ile, kitako cha prosesa, imeshaacha kuuzwa, unabaki na prosesa nzima isiyo na pa kukaa.

LUSAJO: Hapo kwenye soketi naomba tusimame. Mwanjelwa nimemsikia muuzaji anamwambia mteja, "Hii ni LGA1151, inakula zote."

ATUPELE: Haili zote! Hapo ndipo watu wanapopigwa. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 zinataka bodi za chipseti, ile chipu inayoongoza bodi, za mfululizo wa 100 na 200. Kizazi cha 8 na cha 9 kinataka mfululizo wa 300. Soketi zote zinaitwa LGA1151, prosesa inakaa vizuri kabisa, unafunga na mkono wake, halafu haiwaki.

LUSAJO: Na mteja anarudi kusema prosesa mbovu.

ATUPELE: Anarudi anagombana. Kumbe kila kitu ni kizima, ila havioani. Kwa hiyo jina la soketi halitoshi. Soma namba kamili ya bodi, mara nyingi imechapwa katikati ya nafasi za kadi, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, utakuta orodha ya prosesa inazokubali. Pembeni ya kila prosesa wameandika toleo la BIOS, ile programu inayoamsha mashine, linalohitajika. Huo mstari wa BIOS watu wanauruka.

LUSAJO: Huyu wa Tukuyu yeye yuko AM4.

ATUPELE: Yuko AM4, na AM4 ni soketi iliyoishi sana, Ryzen za 2017 mpaka mfululizo wa 5000 zote zimo humo. Lakini bodi ya B450 iliyofungwa kiwandani 2018 haiijui Ryzen 5000 mpaka uiboreshe BIOS. Hata B550, ambayo ilitoka katikati ya 2020, ilitangulia Ryzen 5000 kwa miezi kadhaa. Ukikutana na iliyokaa stoo muda mrefu, inaweza kukugomea.

LUSAJO: Na kuboresha BIOS kunataka mashine iwake. Mashine haiwaki bila BIOS mpya. Sasa?

ATUPELE: Ndiyo maana napenda bodi yenye kile kitufe cha nyuma cha kuboresha BIOS bila prosesa. Unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalibadilisha jina kama kitabu kilivyoelekeza, unachomeka kwenye tundu lililowekwa alama, unaunganisha pawasaplai, unabonyeza, unasubiri taa iache kupepesa. Huna prosesa, huna ramu, na kazi inakwenda. Mtu wa Dar akikwama anakimbilia duka lenye prosesa ya zamani ya kuazima. Wewe wa Tukuyu utaazima kwa nani?

LUSAJO: Kwa hiyo unamwambia B550.

ATUPELE: B550, saizi ya micro-ATX, ile ya mraba wa milimita 244, yenye nafasi nne za ramu. Anaanza na vipande viwili, nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, zikibaki mbili za baadaye. Soketi mpya ya AM5 ya 2022 ni nzuri, lakini inakubali DDR5 tu, ingebidi aache ramu aliyochagua. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja. Ikikataa kuingia usiisukume.

LUSAJO: Sasa B550 zenyewe ziko za kila namna. Nyingine zina taa za rangi saba, nyingine zimevaa mabati mpaka huoni bodi.

ATUPELE: Taa ni mbwembwe. Mabati yana maana, lakini angalia yamekaa wapi. Pawasaplai inaleta volti 12. Prosesa inataka volti moja na kidogo. Katikati hapo kuna mtambo unaogeuza, mafundi tunauita VRM, uko pembeni ya soketi, upande wa kushoto na juu. Utaona vijumba vya kijivu vimejipanga, chipu ndogo nyeusi, na kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme. Prosesa ya wati 65 ikipewa volti 1.2, hesabu inakuja zaidi ya ampea 50. Ampea 50, Lusajo! Zinapita kwenye vitu vyenye ukubwa wa ukucha.

LUSAJO: Aisee. Kumbe ndiyo maana pananukia joto.

ATUPELE: Panapata moto hasa. Sasa kuna bodi za bei ya chini ambazo zile chipu nyeusi zimeachwa wazi, hazina hitisinki, yale mabati ya kupoza. Kwa mtu wa Word na risiti za dukani, haina neno. Huyu anatoa video ya harusi ya saa tatu, prosesa inapiga kazi mfululizo usiku kucha. VRM ikizidi joto, bodi inaipunguzia prosesa kasi, au mashine inazima yenyewe. Ikizoea hali hiyo, kapasita zinachoka kabla ya wakati.

LUSAJO: Lakini huku kwetu baridi. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, kompyuta inapoa yenyewe.

ATUPELE: Nusu kweli. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, feni ile ile kwa kasi ile ile inabeba joto dogo zaidi. Baridi inafidia mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa kumi, jua linawaka na vumbi limejaa kwenye feni, nani anafidia?

LUSAJO: Hapo umenimaliza. Haya, niulize la kwangu. Mimi ni mtu wa mtumba. Kwa nini asichukue bodi iliyotumika, akaokoa laki kadhaa?

ATUPELE: Achukue ipi?

LUSAJO: Tuseme atoe kwenye hizi kompyuta za ofisini, Optiplex za Dell na wenzake. Zimejaa, na zinadumu.

ATUPELE: Zinadumu zikiwa ndani ya kasha lao. Ukiitoa bodi ile, nyingi tundu lake la umeme si la pini 24 za kawaida, mashimo ya skrubu hayalingani, na waya wa kitufe cha kuwashia una plagi ya peke yake. Hiyo nunua mashine nzima uitumie ilivyo. Halafu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, kinga ya usalama ya ndani ya mashine, na kwa Intel kuanzia kizazi cha 8. Kizazi cha 4 unaokoa hela leo unaanza kuhangaika kesho.

LUSAJO: Sikubali moja kwa moja. Bodi ya AM4 ya mtumba, ya mtu aliyehamia AM5, hiyo mimi nachukua macho makavu.

ATUPELE: Hiyo nakubali, ukiikagua. Njoo na tochi.

LUSAJO: Ninayo kwenye simu. Naanza na kapasita. Kichwa kiwe bapa. Kikivimba au kukiwa na uchafu wa kahawia chini yake, narudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi nyingi zilikufa kwa kapasita mbovu zilizokuwa zinavimba hivyo, kwa hiyo jicho la fundi bado linaanzia hapo.

ATUPELE: Kwenye bodi za Intel unaanzia kwenye soketi, kwa sababu pini ziko kwenye bodi. Na AM5 ni hivyo hivyo. Usizitazame kwa juu. Inamisha bodi, mulika kwa ubavuni. Pini nzima zinapanga mistari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, ukikuta moja imelala unaiona papo hapo. AM4 pini ziko kwenye prosesa, basi ikague prosesa.

LUSAJO: Halafu geuza nyuma. Mabaki ya risasi yaliyong'aa kuliko mengine, ujue imeshapita mikononi mwa fundi. Na matundu yote ya USB nayajaribu, la intaneti nalo.

ATUPELE: La intaneti usilisahau hata siku moja! Huku kwetu ndilo la kwanza kufa. Rungwe mvua inanyesha mpaka mtu anasahau jua, na mvua ya huku inakuja na radi. Mtu anachomoa plagi ya umeme, anaacha waya wa mtandao umetoka nje mpaka kwenye mnara wa paa. Radi inaingia humo. Juzi nimeletewa bodi mpya kabisa, tundu la mtandao limeungua, chipu ya pembeni imetoboka. Mwenyewe anasema bodi feki.

LUSAJO: Kumbe bodi haikuwa na kosa.

ATUPELE: Haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana nasema tofauti ya bei kati ya bodi ya kati na ile ya kifahari ipelekwe kwenye pawasaplai ya uhakika, UPS ya kushika umeme ukikatika, na waya wa ethi unaoingia ardhini. Kile kizuizi cha umeme mkubwa, umeme wa ziada kinautupa kwenye ethi. Nyumba ikiwa imefungwa na kishoka, ethi ipo kwenye soketi ya ukutani kwa sura, ardhini hakuna kitu. Mwite fundi mwenye leseni apime. Na ile stabilaiza ya friji isikudanganye, inachelewa kushtuka, msukumo wa radi umeshapita.

LUSAJO: Jina la kampuni je? ASUS, MSI, Gigabyte, ASRock?

ATUPELE: Zote za Taiwan, zote zina bodi nzuri na zina za kubania hela. Mimi nafungua ukurasa wa bodi yenyewe, natazama BIOS ya mwisho imetoka lini. Hilo si pambo. 2023 baadhi ya Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye soketi, dawa ikawa BIOS mpya inayozuia volti ya SoC, sehemu ya ndani ya prosesa, isizidi 1.3. 2024 Intel kizazi cha 13 na cha 14 zikawa zinakwama kwa sababu ya volti, dawa ikaja kwa BIOS tena. Bodi iliyotelekezwa na mwenye kiwanda inakosa dawa hizo.

LUSAJO: Na waranti?

ATUPELE: Ukinunua Kariakoo, waranti inakaa Kariakoo. Ni zaidi ya kilomita 800, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Muuzaji wa Mbeya akizidisha elfu thelathini lakini anaandika namba ya bodi kwenye risiti na anakubali kubadilisha, mpe hiyo elfu thelathini. Ukiagiza kwa basi, sema isiwekwe buti ya chini pamoja na magunia ya viazi, na ule mfuko wake wa rangi ya fedha usiutoe mpaka siku ya kufunga.

LUSAJO: Ikifika, asikimbilie kuifunga kwenye kasha.

ATUPELE: Aiweke juu ya boksi lake la karatasi, prosesa, feni, ramu kipande kimoja, na kadi ya michoro, maana 5600 haina picha yake yenyewe. Aone inafika BIOS, aone volti ya 12 inasoma karibu na 12, ramu yote inaonekana. Hapo ndipo achukue bisibisi. Na ahesabu nguzo ndogo za shaba kwenye kasha, ikizidi moja chini ya bodi pasipo tundu, inapiga shoti.

LUSAJO: Mimi bado na mtumba wangu.

ATUPELE: Baki nao, mradi tochi unayo. Wa Tukuyu akiwasha atutumie picha, na aoneshe tundu la ethi.

LUSAJO: Ndaga fijo, dada Atu. Wiki ijayo ni pawasaplai, tumeshaanza kuletewa maswali toka Makambako na Njombe.