Nyumba Moja, Majina Matano

MWAMBA: Tumerudi tena, mimi na Furaha, mezani petu palepale hapa Lubumbashi. Na leo nimejiandaa kweli. Mmetuandikia sana mkitaka tuzungumzie Katanga, jimbo letu la zamani hapa Kongo: iliundwaje, ikavunjwaje, na mwaka 2015, ilipokatwa majimbo manne, ulituletea nini. Nina mambo matatu hapa kwenye daftari…

FURAHA: Yaya, mkubwa wangu, funga daftari kwanza. Nina jambo linanikaa kooni tangu Jumanne.

MWAMBA: Nililiona. Umeingia hata salamu hujamaliza.

FURAHA: Jumanne nilikwenda ofisi moja kushughulikia karatasi za binti yangu. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta akaniuliza, mama, wewe umezaliwa jimbo gani? Nikamjibu, Shaba. Akatafuta, akasema Shaba hakuna. Nikamwambia basi weka Katanga. Akatafuta tena. Katanga nayo hakuna. Orodha yake ina majimbo 26, na mimi simo.

MWAMBA: Si ungesema Tanganyika tu? Kalemie ndiyo makao makuu ya Tanganyika.

FURAHA: Ndivyo alivyonishauri, naye aliniongelesha kwa adabu. Lakini cheti changu, kwa wino na muhuri, kinasema nimezaliwa Kalemie, jimbo la Shaba, mwaka 1986. Tukaandika Tanganyika. Dirisha la pili wakaniambia karatasi mbili hazilingani, rudi ukarekebishe. Nikarekebishe kipi? Kuzaliwa kwangu?

MWAMBA: Pole, mdogo wangu.

FURAHA: Sasa sikia. Mama yuko kwangu, amekuja kutoka Kalemie na mfuko wake wa ndagala…

MWAMBA: Ambao mimi sijauona.

FURAHA: Fungu lako lipo. Amekuja pia na bahasha ya karatasi za familia, maana Mama hasafiri bila hiyo bahasha. Usiku tukazipanga mezani. Babu, 1939: Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, jimbo la Elisabethville.

MWAMBA: Elisabethville ni hapa! Ni Lubumbashi hii.

FURAHA: Na Babu amekufa hajaikanyaga Lubumbashi. Bibi, 1949: Albertville, jimbo la Katanga. Mama mwenyewe, 1965: Nord-Katanga. Mjomba, 1968: Katanga. Mimi, 1986: Shaba. Mdogo wangu wa mwisho, mwishoni mwa 1997: Katanga tena. Binti yangu, 2017, maana nilikwenda kujifungulia kwa Mama: Tanganyika. Watu saba, majina matano, nyumba ileile. Ukitoka mlangoni unaliona ziwa.

MWAMBA: Hapo umemaliza kipindi changu chote kwa bahasha moja.

FURAHA: Basi nifafanulie la Babu. Elisabethville ilimfikiaje kule ziwani?

MWAMBA: Hilo lina mizizi. Mwanzoni Katanga haikutawaliwa kama sehemu nyingine za Kongo. Mwaka 1891 watu wa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, walimuua Msiri, mtawala wa huku, pale Bunkeya…

FURAHA: Amezaliwa wapi?

MWAMBA: Nani, Msiri?

FURAHA: Kila tutakayemtaja leo, utaniambia amezaliwa jimbo gani.

MWAMBA: Huyo ni wa kwenu Watanganyika lakini ng'ambo ya ziwa: ametoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Baba yake alikuwa akija huku kufanya biashara ya shaba. Orodha ya kijana wako haimjui kabisa. Basi, mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, dola na kampuni wakiwa pamoja, na ndiyo iliyotawala hapa miaka kumi, hata polisi walikuwa wake. Mwaka 1910 serikali ya Ubelgiji ikachukua utawala, reli ikafika kutoka kusini, mji huu ukaanzishwa. Ila Katanga ikapewa makamu wa gavana mkuu wa peke yake, mwenye mamlaka makubwa. Fikiria, eneo karibu kilomita za mraba 497,000, Ubelgiji inaingia humo mara kumi na sita.

FURAHA: Na 1933?

MWAMBA: 1933 Wabelgiji wakabana mamlaka yote Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kongo ikawa majimbo sita, na kila jimbo likapewa jina la mji wake mkuu. Ndiyo maana Babu akaitwa mtu wa Elisabethville akiwa anavua Kalemie. Mwaka 1947 jina la Katanga likarudi, Bibi akazaliwa. Lakini Wazungu wa hapa hawakusahau kwamba walinyang'anywa mamlaka yao. Mimi huwa nasema kujitenga kwa Katanga na Kongo chini ya Tshombe, 1960, hakukuanza 1960.

FURAHA: Tshombe amezaliwa wapi?

MWAMBA: Musumba, kwa Walunda. Wakati ule Katanga, leo Lualaba.

FURAHA: Lumumba?

MWAMBA: Onalua. Ilikuwa Kasai, leo Sankuru.

FURAHA: Mobutu?

MWAMBA: Lisala! Ilikuwa Équateur, leo Mongala. Furaha, hakuna hata mmoja ambaye jina la zamani lingemfikisha kijana yule kwenye jimbo lake la leo.

FURAHA: Basi siko peke yangu. Na Mama je? Nord-Katanga mbona haidumu?

MWAMBA: Ilidumu kidogo sana. Baada ya uhuru majimbo sita yakakatwa yakawa 21. Katanga ikagawanywa sehemu tatu: Nord-Katanga, Lualaba na Katanga-Oriental. Unaona? Lualaba ya 2015 si jina jipya. Mobutu alipochukua nchi akayaunganisha, na mwisho wa 1966 yakabaki manane na Kinshasa. Katanga ikawa moja tena, Mjomba akazaliwa. Halafu miaka ya sabini mwanzoni likaja lile jina baya.

FURAHA: Baya lipi?

MWAMBA: Shaba.

FURAHA: Yaya, hilo ni jina langu.

MWAMBA: Na langu pia, mimi nimezaliwa 1979 hapahapa. Lakini silitaki. Wametuita kwa bidhaa. Mtu na mtoto wake, anampa jina la kitu anachouza sokoni? Mobutu alitaka kuzika Katanga, akatafuta kilichomfaa yeye chini ya ardhi, akakiandika juu ya vichwa vyetu. Na dunia ikalijua jina hilo kwa vita: vita vya Shaba 1977, vita vya Shaba 1978, Kolwezi. Baba yangu alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Maisha yake yote aliitoa shaba ardhini, lakini ukimuuliza kwao, anakwambia Katanga.

FURAHA: Mimi nalipenda. Tazama karatasi zile mezani: Elisabethville, malkia wa Wabelgiji. Nord-Katanga, Kifaransa. Ni ya kwangu peke yake yenye neno la Kiswahili kamili, neno ambalo Bibi analisema bila kukunja ulimi. Lugha waliyozungumza watu wa misafara, ikazungumzwa migodini na watu waliotoka kila upande, ndiyo ikaita jimbo. Mara moja tu.

MWAMBA: Katanga si ya Wabelgiji. Lilikuwa jina la chifu kabla yao. Livingstone amelisikia, watu wa pwani walilisema.

FURAHA: Sisemi ni la Wabelgiji. Nasema uliza Bibi yangu analisikiaje. Mwaka 1960 na 1961, wanajeshi wa Tshombe walipokuja kaskazini kuwakomesha Waluba waliokataa kujitenga, vijiji vilichomwa. Waliochoma walikuwa na bendera, na bendera ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na nchi yake iliitwa Katanga. Watu wa Sendwe, kiongozi wa Waluba wa kaskazini, hawakuomba hiyo nchi. Na Lumumba aliuawa wapi, Januari 1961? Hapa, mikononi mwa utawala uliojiita Katanga.

MWAMBA: Hiyo ilikuwa serikali. Jina halikumpiga mtu risasi.

FURAHA: Basi na Shaba haikumpiga mtu risasi. Mbona vita vya Kolwezi unalibebesha jina langu?

MWAMBA: Kwa sababu Shaba lilitungwa ofisini, makusudi, ili watu wasahau. Katanga halikutungwa. Laurent Kabila alipoingia madarakani 1997 kitu gani alirudisha haraka? Katanga. Na watu walifurahi, nilikuwa na miaka 18, nilikuwa barabarani, nimeyaona.

FURAHA: Ulikuwa barabara ya Lubumbashi. Kalemie hukuwepo.

MWAMBA: Na wewe ulikuwa na miaka kumi na moja.

FURAHA: Bibi alikuwa mtu mzima. Alisema, limerudi lile. Hakusema kwa furaha.

MWAMBA: Namheshimu Bibi. Lakini ukiniambia misalaba ile ni ya Tshombe, nakataa. Misalaba ya shaba ilikuwa fedha ya wazee wetu, waliolipa kwayo mahari.

FURAHA: Misalaba sikatai. Nakataa kulilia jina la Katanga mbele yangu kama kwamba sote lilitukumbatia.

MWAMBA: Na mimi sitaitwa Mshaba.

FURAHA: Hakuna aliyekuita.

MWAMBA: Tumaini, fundi wetu wa mitambo, ananionyesha vidole. Dakika ngapi? Nne. Furaha, hatujagusa hata moja katika yale matatu.

FURAHA: Yataje basi.

MWAMBA: La kwanza, Katiba ya 2006 iliandika majimbo 26 ndani ya miezi 36, mwaka 2011 wakaondoa muda huo, halafu 2015 ikafanywa kwa haraka: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika, na makamishna maalumu kabla ya kupatikana magavana. La pili lilikuwa asilimia 40 ya mapato ambayo kifungu cha 175 kinasema ibaki majimboni, na hapo nilitaka kukuuliza, shaba na kobalti karibu zote zimebaki Lualaba na Haut-Katanga, ninyi Tanganyika mnaendeshaje…

FURAHA: Hilo si la dakika nne, yaya. Hilo ni kipindi kizima, na nitakuja nimekasirika.

MWAMBA: Basi tuliache. La tatu nalo limekufa. Kesho unarudi ofisini?

FURAHA: Kesho asubuhi. Na bahasha yote.

MWAMBA: Sema Katanga, uone.

FURAHA: Nitasema Shaba, na cheti nitakiweka mezani. Tumaini, kabla hujazima: umezaliwa wapi?

TUMAINI: Kamina. 1990.

FURAHA: Jimbo gani?

TUMAINI: Cheti kinasema Shaba. Kadi ya kupigia kura inasema Haut-Lomami. Nyumbani tunasema Katanga.

MWAMBA: Umesikia? Nyumbani!

FURAHA: Nimesikia cheti. Tumaini, zima.