Kuiwahi kesho: mazungumzo ya jioni pale Raskazone, Tanga

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za jioni. Najua wengine mmetoka baharini alfajiri na usingizi mnao, sitawaweka sana. Leo nawaambia habari ya kusafiri katika wakati, mtu kuifikia kesho kabla ya wenzake.

Naanza na jipiesi (GPS), kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, ya mzee wangu huyu hapa mbele, ameifunga na mfuko wa nailoni isilowe. Humo ameweka alama za miamba yake yote, akitoka usiku inampeleka mpaka pale pale samaki walipo. Sasa hii inasikiliza setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, kila moja imebeba saa ya atomiki, yaani saa sahihi mno, na saa za kule jamani haziendi sawa na zetu. Setilaiti inakimbia kama kilomita 14,000 kwa saa, mwendo huo tu unaichelewesha saa yake sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku, halafu kwa vile iko mbali na dunia mvutano unapungua, saa inawahi sehemu 45. Toa 7 kwenye 45, saa ya kule inaiwahi yetu sehemu 38 kila siku. Utasema kitu gani hicho, lakini mawimbi yale yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, piga hesabu, bila kuzirekebisha zile saa siku moja tu ingeleta kosa la kilomita kama 11, mzee anashusha mshipi kwenye mchanga mtupu.

Haya mwanafizikia Albert Einstein aliyaandika 1905 na 1915, setilaiti hazijakuwepo.

Na si lazima uende angani. Lushoto iko juu yetu kama mita 1,400, saa ya kule inaiwahi ya hapa mjini sehemu kama 5 za milioni ya sekunde kwa mwaka. Mapacha wawili, mmoja kaolewa Lushoto mwenzie kabaki Ngamiani hapa mjini, yule wa mlimani anazeeka haraka zaidi, kidogo mno, lakini kweli kabisa. Mimi hili likinijia usiku silali.

Sasa kwenda mbele kabisa. Upate chombo cha kwenda asilimia 99.5 ya mwendo wa mwanga, ukae humo miaka 2, chai yako inapoa kama kawaida, moyo unadunda kama kawaida, ukirudi, hapa Tanga imepita miaka 20. Uliyemwacha ananyonya unamkuta ana ndevu. Chombo hicho hatuna, nguvu inayotakiwa ni kubwa kupita kiasi. Aliyekaa angani siku nyingi kama mwanaanga Gennady Padalka wa Urusi, siku 878, ameiwahi kesho kwa sehemu kama 2 za mia ya sekunde.

Kijana ameuliza hapo nyuma, je kurudi jana? Nimekuelewa mdogo wangu, na pole. Haya niliyosema yote yanakwenda mbele tu, hakuna saa iliyowahi kupimwa ikarudi jana. Ndiyo maana hata ningepewa hicho chombo leo, kabla sijapanda ningeuliza kwanza, nikirudi mama nitamkuta?