Tume ya Kajubi na Deni la Kiswahili

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie watunga sera, nami nimemchagua marehemu Profesa William Senteza Kajubi. Wengi mnamkumbuka kama Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, cheo alichokishika mara mbili. Mimi namtazama zaidi kama mwalimu wa walimu, maana huko ndiko alikotumia sehemu kubwa ya maisha yake, Makerere na hapa Kyambogo.

Mwaka 1987, nchi yetu ya Uganda ikiwa bado inauguza majeraha ya vita, serikali ilimpa uenyekiti wa Tume ya kuipitia upya sera ya elimu. Ripoti ilitoka 1989, ikitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote. Serikali ikaijibu kwa Waraka wake wa sera ya elimu wa 1992, na Januari 1997 elimu ya msingi bila ada ikaanza, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Hesabuni wenyewe: miaka minane tangu ripoti hadi mtoto wa maskini kuingia darasani! Tena Tume ilifikiria kwenda hatua kwa hatua; siasa ikafungua mlango wote siku moja. Wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka. Mliokuwa na chaki mkononi wakati ule mnajua madarasa yalivyofurika, watoto wakasoma chini ya miembe. Hata hivyo nasema ilikuwa haki kuwapokea.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Waraka uleule wa 1992 ulitaka Kiswahili na Kiingereza viwe masomo ya lazima katika shule za msingi. Ada ikaondolewa, Kiswahili kikaachwa. Sababu tunazijua. Kwa wazazi wengi, hasa Buganda, hii ilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, na Rais Idi Amin kuitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 hakukuisafisha. Lakini woga wa wazazi ungepungua kama mtoto angeletewa mwalimu mzuri, na mwalimu huyo hakuandaliwa.

Tangu 2020 mtaala mpya unakilazimisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe lugha rasmi. Nafurahi, nafurahi sana. Ila naiomba wizara, kabla haijaandika waraka mwingine, itenge fedha za kuwasomesha na kuwaajiri walimu wa Kiswahili, ianzie na vyuo vya ualimu wa msingi, kule Waraka wa 1992 ulikokwama.