Udongo wa Kujazia Sanduku

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika. Tukitaja mawe ya mwezini, wengi hufikiria jiwe lililowekwa ndani ya kioo. Mimi leo nimekuja na habari ya udongo.

Julai 1969, Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, yuko kwenye Bahari ya Utulivu. Ni bahari kwa jina tu. Pale ni uwanda mkavu wa basalti, jiwe jeusi la volkano. Alitazama sanduku la mawe akaona bado lina nafasi. Akachota udongo kwa koleo, mara kadhaa, akajazia.

Huko Houston, Marekani, udongo ule ulichekechwa, punje zake wakagawiwa watafiti. John Wood na wenzake walizipitia punje zao kwa subira, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Nyingi zilikuwa nyeusi na kijivu, sawa na uwanda wenyewe. Ila katikati yake mlikuwa na chembe chache nyeupe, ndogo kama chenga. Zilifikaje pale?

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu. Chembe zile ni anothositi, jiwe lililojaa madini mepesi yaitwayo feldispa. Wood akasema zimetoka mbali, kwenye nyanda za juu zinazong'aa. Vimondo vilipiga kule vikazirusha hadi uwandani. Na kama nyanda zote zile ni feldispa, basi hapo mwanzo mwezi ulikuwa umefunikwa na bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Chemsheni maziwa, yaacheni yapoe: malai huja juu. Ndivyo ilivyokuwa. Madini mazito yalizama, feldispa ikaelea, ikaganda, ikawa gamba la mwezi. Yale meupe mnayoyaona mwezi ukiwa mpevu ni malai hayo. Mabaka meusi ni basalti iliyobubujika baadaye. Yote hayo yalisomwa kwenye chenga! Mimi kila nikilifikiria hilo, mwili hunisisimka.

Ilibaki kulipata jiwe lenyewe. Tarehe 1 Agosti 1971, wanaanga David Scott na James Irwin, waliokuwa wamefunzwa jiolojia kwa bidii, waliliona ukingoni mwa shimo liitwalo Spur, jeupe, likimeta. Lina gramu 269, la kujaa kiganjani, na umri wake unapita miaka bilioni 4. Namba yake ni 15415.

Safari sita za watu kutua mwezini zilileta kilo 382 za mawe na udongo. Sehemu kubwa ingali Houston, ndani ya makabati yenye naitrojeni ili hewa yetu isiiharibu. Nyingine zilifungwa makusudi zisiguswe mpaka vipatikane vyombo bora zaidi. Bomba moja la udongo, lililozibwa mwezini kwenyewe Desemba 1972, lilifunguliwa mwaka 2022. Waliolifungua, baadhi yao walikuwa hawajazaliwa lilipozibwa.

Haya, maswali. Tuanze na huyo binti wa nyuma, amenyoosha mkono muda mrefu.