Malkia Caroline Amalie na Watoto wa Copenhagen

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika vikao vingi vya walimu wa elimu ya watu wazima, na leo nalirudia bila kuomba radhi: Malkia Caroline Amalie wa Denmark hakuwa mtoa sadaka tu. Kwamba alizaliwa mwaka 1796, akaolewa na mtu aliyekuja kuwa Mfalme Christian wa Nane, wala hakujaliwa mtoto, hayo mnayajua; nayaruka.

Nianzie mwaka 1829, angali mke wa mrithi wa ufalme, alipofungua jijini Copenhagen nyumba ya kulelea watoto wa maskini. Mama aliyetoka alfajiri kwenda kibaruani aliweza kumwacha mwanawe pale na kumfuata jioni, na kwa mtoto wa miaka mitatu tofauti ilikuwa kubwa mno: ama ashinde amefungiwa chumbani peke yake, ama ashinde na wenziwe huku akiangaliwa na mtu mzima.

Mtaniambia, kama nilivyokwisha kuambiwa mara nyingi, kwamba mwenye mali kutoa mali si ajabu. Kuhusu mali nakubali. Lakini tazameni shule iliyoungana na nyumba ile alimkabidhi nani. Mwaka 1841 usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa Mchungaji N.F.S. Grundtvig, mtu aliyekuwa amehukumiwa kwa kumshambulia profesa wa theolojia kwa maandishi, na ambaye kuanzia mwaka 1826 hadi 1837 hakuruhusiwa kuchapisha neno lisilopita kwanza kwa mkaguzi wa serikali. Mtu huyo aliziita shule za Kilatini za wakubwa "shule ya mauti", kwa sababu ziliwakaririsha vijana maneno yasiyogusa maisha yao; yeye alitaka mwalimu asimulie, aimbe, aulize na kuulizwa, kitabu kifuate baadaye. Malkia alimwamini huyo, tena kwa watoto ambao hakuna aliyekuwa akiwafikiria. Je, hiyo nayo ni sadaka ya sarafu?

Malkia aliunga mkono pia wazo la Grundtvig la kufungua mjini Sorø chuo cha wananchi, yaani chuo cha kusomea vijana na watu wazima wa kawaida. Mfalme aliliridhia mwaka 1847, akafariki Januari 1848, na mpango ukaachwa. Hata hivyo vyuo vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kuanza kwingine Denmark, vikaenea hadi Uswidi, na mfano wa Uswidi ndio uliotumika Tanzania mwaka 1975 kuanzisha Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi.

Muda umeniishia, na nilitaka kueleza uasi wa mwaka 1848 wa majimbo ya Schleswig na Holstein dhidi ya Denmark, ambao wadogo wawili wa kiume wa Malkia walikuwa miongoni mwa viongozi wake, hata Wadenmark wakamshuku Malkia mwenyewe. Niseme tu kwamba aliishi mjane miaka 33, hadi mwaka 1881, na nyumba ile ya watoto ilidumu baada yake.